Mwongoza Wageni Hachezi Dansi

Pendo, wewe na wenzako mmeniomba niwaandikie namna ya kumtembeza mgeni hapa Mwanza akiwa na siku mbili tu, mgeni anayetaka historia mchana na muziki jioni. Mkasema niandike kwa kifupi, maana vijana hamsomi. Basi mtanisamehe. Nimestaafu, sina basi la kuwahi, na kazi yangu ina mtu ndani yake ambaye siwezi kuieleza nikamwacha nje. Miaka yote niliyowapeleka watu kwenye dansi, kuna mtu mmoja niliyetamani kucheza naye wimbo mmoja tu, na kazi ndiyo iliyotuzuia, mimi na yeye. Anaitwa Deusi. Mkiona nimeacha njia nikamtaja, msishangae, nitarudi barabarani.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa binti wa Butimba, baba yangu mpishi wa chuo cha ualimu, na Kiingereza changu nilikiokota kwa walimu wanafunzi waliokuja jikoni kufanya mazoezi ya kufundisha, darasa lao likiwa mimi na masufuria. Nilijiona nimeiva. Ofisini nikakabidhiwa kwa Mzee Masalu, Msukuma wa Kisesa aliyekuwa akitembeza wageni tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, ndivyo alivyomwita kila mtu aliyekuwa mdogo kwake, "harusi ni ya nani?"

Saa sita mchana nilikuwa juu ya mawe ya Capri Point, viatu mkononi, nimevaa soksi nilizoazimwa na mgeni mwanamume. Tangu hapo nilivaa raba mpaka nilipostaafu, hata misa ya Jumapili, kwa sababu nikitoka kanisani nilikuwa naingia kazini.

Haya, kazi sasa. Mgeni wa siku mbili atakuambia anataka kwanza kuliona lile jiwe la pale Kamanga lililosimama majini. Usimkatalie, mwahirishie tu. Jiwe litakuwepo hata jioni ya siku ya pili, tena jioni ndipo linapendeza. Asubuhi mpeleke Mwaloni, Kirumba, wakati samaki na dagaa wanapakuliwa na akina mama wanapigiana kelele za biashara. Atalalamika harufu. Mwache alalamike, baada ya muda atakuwa anaonja dagaa wa kukaanga na kuuliza anaweza kusafiri nao kwenye ndege au vipi. Mfundishe neno moja tu, mwangaluka, salamu ya asubuhi. Mama wa dagaa akiamkiwa Kisukuma na Mjapani atamwonyesha hadi picha za wajukuu wake kwenye simu, na hapo wewe kaa pembeni, usitafsiri sana.

Kutoka hapo nendeni mjini kwa miguu. Mpitishe Makoroboi, umweleze kwamba jina lilitokana na mafundi waliokaa pale wakigeuza makopo kuwa taa za koroboi, na kama una koroboi nyumbani ibebe, maana mgeni mwenye tochi kwenye simu hawezi kukuelewa mpaka aishike. Kilimani, kwenye majengo ya Kijerumani, muwahi kabla jua halijapanda, kwani mawe ya mji huu yakishika moto ni kikaango kitupu. Na pale panaposimuliwa kuwa watu walinyongwa enzi za Mjerumani, tafadhalini sana, msiwaruhusu watu kujishika shingo na kupiga picha. Mzee Masalu alikuwa anavua kofia, anasema maneno machache, kisha ananyamaza na kuacha magari yapite. Nimewaona wageni wakilia pale kwa sababu ya huo ukimya wake. Mimi nilipokuwa mpya niliujaza maelezo, nikaona wanatazama saa.

Kitu kingine ni vyoo. Kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa nakijua kila choo kizuri, pamoja na mwenye ufunguo na siku anazokuwa na hasira. Hakuna aliyewahi kunipongeza kwa hilo hata siku moja, lakini wageni walionikumbatia kwa machozi wakati wa kuondoka, wengi wao haikuwa historia, ilikuwa choo.

Mchana mlaze mgeni, hata akikataa. Atakushukuru jioni. Kama ni Jumapili una bahati, maana Jumapili ndiyo siku ya bonanza, muziki unaanza jua bado lipo na watu wanakuja na watoto wao. Ukifika agiza sato kabla hujakaa, kwa sababu sato wa kuchoma hana haraka na mwanadamu. Tafuteni meza ya ukutani, mbali na spika. Halafu mwambie mgeni kwamba bendi ikianza polepole asichoke, nyimbo hufika mahali zikachangamka, na hapo hata mwenye goti bovu atasimama.

Ukumbi wetu enzi hizo ulikuwa Kirumba, sakafu ya saruji katikati, wazi juu, mabati pembezoni. Jumapili yangu ya kwanza bendi ilianza, miguu ikaanza yenyewe chini ya meza. Mgeni mmoja mstaarabu akaninyooshea mkono. Nikainuka! Mzee Masalu akanishika kiwiko, akanirudisha kwenye kiti.

"Mwongoza wageni hachezi."

"Mzee, wimbo mmoja tu."

"Ukicheza wewe, wao nani anawaona?"

Akaniwekea mapajani mikoba ya akina mama, kamera na kofia ya mtu. Nikanuna kweli kweli. Lakini kabla ya wimbo wa pili kwisha nikaona mkono wa mtu unaingia kwenye mfuko wa koti la mgeni wangu, nikapiga ukelele, mkono ukatoka. Mzee Masalu hakunisifu, alinisogezea soda tu. Toka siku hiyo ikawa sheria yangu nami nikaifundisha kwa wengine. Mwongoza wageni anakaa na mikoba, anahesabu vichwa, anatabasamu.

Deusi nilijuana naye kwa aibu kubwa, na ni aibu ambayo mwongoza wageni wa mji mwingine hawezi kuipata hata akiitafuta. Mnajua msimu wa ngoma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Kisukuma, wanavyokutana uwanja mmoja. Kila kundi lina ngoma zake, vituko vyake na dawa zake, wanacheza kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watu ndio jaji. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda, na upande ulioachwa unacheza na vumbi. Mimi nilikuja na basi zima la wageni, nikawapanga upande wa Bagalu. Jua likawaka. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, uso umekuwa nyanya, nikaogopa atanifia. Nikaangaza, nikaona kivuli kizuri cha mti, upande wa pili. Nikainua mwavuli wangu juu, ndiyo ishara yetu ya nifuateni.

Wageni wakanifuata. Watoto wakawafuata wageni, maana kwao ngoma ilikuwa wale Wazungu. Mama zao wakawafuata watoto. Na watu wakiona watu wanahama, nao wanahama, wakidhani kule kuna jambo. Nilipogeuka nyuma, loh! Bagalu wamebaki na nyasi. Mkuu wao wa ngoma, chatu shingoni, akanijia jasho likimtiririka.

"Wewe mama wa mwavuli! Bagika wamekupa nini?"

Nikamtafuta Mzee Masalu kwa macho. Mzee Masalu, ambaye ukoo wake wote ni Bagalu, alikuwa anatazama mawingu kama mtu asiyenifahamu kabisa.

Hapo ndipo akapita katikati mwanamume mrefu, amebeba sanduku la saksafoni begani. Bendi yake ilialikwa kupiga jioni uwanja huo huo. Alizungumza taratibu, na zile r na l za Ukerewe zikibadilishana viti.

"Mzee wangu, huyu dada kafuata kivuri, hakufuata ngoma. Wageni waingie ndani ya basi, watazame dirishani. Watu warudi katikati, muanze upya."

Ikawa hivyo. Wageni wakabanana madirishani, ngoma zikaanza upya kwa haki, na Bagalu wakashindwa tena, safari hii vibaya zaidi. Angalau haikuwa juu yangu. Nilimfuata yule bwana kumshukuru, akaniuliza jina.

"Leokadia. Wananiita Leo."

"Haya, Dada Reo. Siku nyingine tembea na miavuri mingi."

Watu wote wananiita Leo. Yeye tu ndiye aliyeniita Reo, na sasa kila ninapoitwa vizuri naona jina langu limepungua kitu.

Kumbe alikuwa akipiga pale pale Kirumba, kwenye bendi ya ukumbi wetu, ni mimi tu nilikuwa nalinda mikoba bila kuinua macho. Jumapili iliyofuata nikayainua. Na Jumapili zilizokuja baada ya hiyo, miaka kwa miaka, ikawa hivyo: yeye jukwaani, mimi mezani na mikoba mapajani, katikati yetu sakafu imejaa watu wanaocheza. Yeye hakuweza kushuka, maana saksafoni haijipigi. Mimi sikuweza kuinuka, maana mikoba haijilindi. Bendi ilipopumzika alikuwa anapita mezani kwetu na soda yake.

"Dada Reo, reo hujacheza?"

"Nipo kazini."

"Na mimi."

Basi. Anacheka, anarudi jukwaani. Kulikuwa na wimbo wao mmoja wa polepole, na saksafoni ilipoingia alikuwa anageuka kidogo upande wa meza yangu. Pengine alikuwa anakwepa taa. Nilijiambia hivyo kwa muda mrefu, anakwepa taa. Nilimpenda. Nimeandika na sifuti. Alikuwa na mke wake kule Nansio, kisiwani Ukerewe, mama mpole aliyewahi kuja mjini na kuniletea machungwa kwa sababu mumewe alimwambia kuna dada mmoja anawatendea wageni vizuri. Mume wangu mimi alishakwenda Geita akaoa huko huko, nikabaki na binti yangu na adabu zangu. Sikuwa mtu wa kugusa nyumba ya mwenzangu, na Deusi hakuwa mtu wa kuniomba nifanye hivyo. Nilichotaka ni wimbo mmoja, mbele za watu wote, halafu kila mtu arudi kwake. Hata hicho, jamani, kilikuwa kikubwa kuliko kazi zetu.

Ninyi mnaoingia sasa mtaambiwa kazi hii ni ya kuona dunia. Si kweli. Ni kazi ya kuona watu wakiiona dunia. Niliona mawio ya jua pale juu ya mawe zaidi ya mtu yeyote mjini, na mara nyingi nilikuwa nimeyapa mgongo, nahesabu vichwa. Ziwa nililisikia kwenye midomo ya wageni, wakisema "oo" na "aa" nyuma yangu. Siku hizi nikiamka alfajiri nakaa barazani Butimba natazama upande wa ziwa, sina wa kumhesabu, na nawatamani wote, hata yule bwana aliyenitapikia raba kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Saanane.

Mke wa Deusi aliugua, akafariki. Nilikwenda msibani Nansio na wanamuziki wenzake, nikapika na akina mama, nikarudi. Alipomaliza kuomboleza alirudi Mwanza, lakini mwenye ukumbi alikuwa ameshaona kwamba kijana mmoja na spika zake anatosha kufanya kazi ya bendi nzima. Bendi ikavunjika. Aliniaga kwa simu siku ya kuondoka, asubuhi, nikiwa kilimani na kundi la wageni.

"Naenda kuangaria michungwa yangu, Dada Reo. Upo kazini?"

"Nipo kazini, Deusi."

"Haya."

Kutoka pale kilimani meli ya Nansio inaonekana vizuri ikitoka. Nikaipungia mkono. Wageni wangu wakaona napunga, nao wakapunga wote, wakidhani ndiyo desturi ya wenyeji. Mmoja akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia ni namna yetu ya kuitakia meli heri, na nikaendelea na majengo ya Kijerumani. Nasikia baadhi yenu bado mnaipungia ile meli na wageni. Sasa mnajua ilikotoka.

Halafu magoti yakanikataa. Mawe ya Mwanza hayana ngazi, na miaka hamsini na kitu nayo si mchezo. Nikaandika barua ya kuondoka, na wewe Pendo ukasema haiwezekani nikaondoka kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa. Ukaandaa bonanza la kuniaga Kirumba, Jumapili alasiri, na bendi ya vijana. Hukuniambia kwamba umempigia Deusi.

Nilikuwa nimekaa meza ya ukutani, mkoba wako na wa mwenzako Happiness tayari mapajani kwangu, mazoea. Nikamwona anaingia amevaa suti ya kahawia, bila sanduku begani. Amekonda. Meno ya mbele yamekwenda, na saksafoni inataka meno. Akawasalimia wote kwa zamu, vijana wakampa shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, mpaka akanifikia. Kesho yake alikuwa anarudi Nansio na meli.

"Dada Reo, reo upo kazini?"

"Sipo."

"Na mimi sipo."

Pendo, wewe ndiye uliyeniondolea mikoba, Mungu akubariki. Mkatupisha sakafu nzima, mkatengeneza duara, simu zote juu. Vijana wa bendi wakaanza wimbo wa polepole. Halafu mkaona tumesimama tu katikati, mkono wake mgongoni kwangu, hatusogei, na mkaanza kupiga kelele, "Wazee wanaringa! Wazee wanaringa!" Kwenye ile video mliyoirusha kwenye kundi la kazi, mtu ameandika kwamba tuliona aibu. Hamkusikia tulichokuwa tunasema, ndiyo maana nawaandikia.

"Tuanze," nilimwambia.

"Anza wewe. Wewe ndiye uriyetazama watu wakicheza miaka yote."

"Mimi nilitazama mifuko na mikono. Miguu sijawahi kuiangalia. Wewe ndiye mwenye muziki."

"Muziki naujua kwa vidore, dada. Miguu yangu iribaki imesimama."

Nikamtazama usoni.

"Deusi. Hujui kucheza?"

"Sijui. Na wewe?"

"Sijui."

Nilicheka mpaka nikashika bega lake, kisha kicheko kikageuka, nikawa nalia kwenye ile suti ya kahawia, na yeye ananiambia polepole, nyamaza, Reo, nyamaza, bila hata kuweka dada. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe. Nilisikia anavyopumua kwa mdomo, kwa sababu ya meno. Nikafikiria Jumapili zote zile, mimi na yeye tukingoja siku ya kufanya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kujifunza. Kwa hiyo sheria ya Mzee Masalu siifuti, mikoba lazima ilindwe, lakini wekeeni zamu. Mmoja alinde, mmoja acheze, wimbo unaofuata mbadilishane. Hilo ndilo la muhimu kuliko vyoo vyote nilivyowatajia.

Hatukusogea hata hatua moja. Wimbo ukaenda, gitaa likaingia, likatoka, ninyi mkapiga makofi, na mwishowe ngoma ikanyamaza. Hakuniachia. Aliwatazama wale vijana jukwaani wakifuta jasho, kisha akanitazama mimi.

"Tuwaombe warudie?"

"Waombe," nikamwambia, "na wasiharakishe."